Rwambuzi Si Kichaka

Bunia, Jumanne tarehe 11 Februari 2003

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Tuzo ya Uongozi na Kazi ya Maisha katika Kuitazama Dunia kutoka Angani,
Ulaya.

Yahusu: Ombi la kuangaliwa upya

Mheshimiwa Mwenyekiti, pamoja na Wajumbe wako,

Jana asubuhi, katika taarifa ya saa kumi na mbili na nusu, mtangazaji wa redio ya ng'ambo alisema kwamba Kamati yako imempa Profesa Honoré tuzo ya mwaka huu. Jina lake la ukoo lilimezwa na mikwaruzo ya mawimbi. Ninaomba radhi kwake na kwa baba yake. Mtangazaji alisoma sababu mbili. Ya kwanza ni uongozi: profesa ndiye aliyewafundisha wenzake kuhesabu nyumba na mashamba ya nchi zenye vita kwa picha za setilaiti, bila mtu yeyote kulazimika kufika huko. Ya pili ni kazi ya maisha: miaka thelathini ya kuitazama dunia "bila kupepesa jicho". Kama mfano wa kazi hiyo, alitaja Ituri, yaani huku kwetu, mashariki mwa Kongo.

Nimefanya kazi ya uandishi wa habari kwa muda wa kutosha kuzoea kusikia Ituri ikitajwa redioni. Sikumbuki mara ya mwisho tulipotajwa katika habari ya sherehe. Kwa hiyo naanza na pongezi, maana adabu hutangulia.

Kisha nitangaze maslahi yangu, kama kazi yangu inavyodai. Mimi ni mpangaji. Ninaishi chumba cha nyuma katika nyumba ya Mama Kahindo, mtaa wa Rwambuzi, hapa Bunia. Mama Kahindo ni mjane aliyehamia huku kutoka Butembo; anauza misumari na mabati sokoni. Kwa mujibu wa kazi iliyoshinda tuzo yenu, nyumba yake haipo. Barua hii basi inaandikwa na mtu aliyeketi kichakani, juu ya kiti, mbele ya meza, akimsikia mwenye nyumba akigombana na bata jikoni.

Jambo tunaloomba liamuliwe ni moja, na ninalisema mapema msije mkalitafuta. Mvua za Machi zinakaribia. Paa la Mama Kahindo linavuja. Ofisi ya misaada inayogawa maturubai hapa mjini inagawa kwa kufuata ramani ya Profesa Honoré, na ramani hiyo inasema avenue yetu yote, yaani barabara yetu na nyumba zake, ni kichaka. Kichaka hakipewi turubai.

Malalamiko yenyewe ni haya.

1. Kuhusu hodi.

Kwetu mtu anayetaka kuingia ua wa mwenzake hubisha hodi, na asipojibiwa husimama nje akakohoa. Hata aliyekuja kudai hubisha. Profesa ameangalia uani kwetu kwa miaka mingi na hajakohoa hata mara moja.

Nilipomweleza Mama Kahindo kwamba kuna chombo kinachopita juu yetu na kutazama kila nyumba, hakushangaa. Aliuliza swali moja tu: "Inapitaka saa ngapi? Miye naogaka inje." Swali hilo nililipeleka kwa Madame Viviane, msimamizi wa ugawaji katika ile ofisi ya misaada. (Shirika lake silitaji, kwa sababu yeye ni mtu mwema na bado ana mkataba.) Alijibu kwamba chombo kinapita kama saa nne asubuhi, tena si kila siku, na kwamba hakiwezi kuona kitu kidogo kuliko paa. Nilirudisha jibu. Mama Kahindo alilipima kidogo. "Basi hawezi niona," akasema. "Lakini angesalimia."

Lalamiko hili ni dogo. Nimelitanguliza kwa sababu ndiyo njia ya adabu ya kuingia katika mengine.

2. Kuhusu kijani cha Djugu.

Redio ilisema kwamba, kwa mujibu wa profesa, uoto wa Djugu, kaskazini mwa Bunia, umerejea kwa kasi katika miaka hii mitatu, na kwamba hiyo ni dalili ya ardhi inayopona. Katika sebule ya Mama Kahindo analala mkulima kutoka Djugu, jina lake Scholastique, pamoja na watoto wake. Alikimbia na sufuria moja na mfuniko wa nyingine. Nilimsomea taarifa hiyo neno kwa neno, kwa kuwa yeye ni mhusika na mhusika ana haki ya kujibu.

Aliniomba nimwonyeshe hicho kijani kilipo. Tulikwenda pamoja ofisini kwa Madame Viviane, ambako ramani imebandikwa ukutani, naye Scholastique akafuata barabara kwa kidole, akavuka mto, akapita kanisa, akasimama.

"Hii ni shamba yangu ya maharagi," alisema.

Madame Viviane alimweleza kwa upole kwamba rangi hiyo ni ya msitu unaochipuka.

"Madame, siye tulikimbia. Hakuna mutu wa kulima. Majani inaota. Sasa wanamupa zawadi mutu ya kuhesabu majani?"

Nilimfahamisha kwamba profesa hakupewa zawadi kwa majani, bali kwa kuyatazama. "Hata miye naweza tazama," alijibu. "Wanipe njia tu, nifike."

Mheshimiwa Mwenyekiti, kama kijani hicho ni mafanikio, basi wenye mafanikio ni wale waliokimbia. Bila wao kuacha majembe, profesa asingekuwa na kitu cha kuonyesha. Ninapendekeza jina la Scholastique liandikwe chini ya lile la profesa, hata kwa herufi ndogo. Yeye mwenyewe amesema angependelea jembe.

3. Kuhusu mapaa ya Rwambuzi.

Hapa ndipo penye kiini, na ninaomba Wajumbe wasome polepole.

Baada ya mapigano ya Agosti mwaka jana, wenye bunduki walikuwa na desturi ya kupanda kilimani asubuhi, jua likiwa bado liko chini, na kutazama mtaa. Bati jipya linang'aa. Paa linalong'aa linasema kwamba chini yake kuna mtu mwenye mali. Na kama hana mali, basi ana bati. Wakishachagua, walishuka, wakaling'oa, wakambebesha mwenyewe. Nimewahoji watu waliobeba paa lao wenyewe hadi sokoni, na wote walisema jambo lile lile: kwamba nyumbani lilionekana jepesi.

Mama Kahindo anaijua tabia ya bati kama wengine wanavyoijua tabia ya mkwe. Alichanganya udongo wa mfinyanzi, mavi ya ng'ombe, na majivu kidogo ili mchanganyiko usipasuke. Akapanda ngazi na kulipaka paa lake lote. Majirani walicheka kwa wiki moja. Wiki iliyofuata wenye bunduki walishuka, wakachukua paa la kushoto kwake na la kulia kwake, na vicheko vikaisha.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya salongo. Kwa Wajumbe wasioijua: salongo ni kazi ya pamoja ya Jumamosi asubuhi. Kila nyumba inatoa mtu, watu wanafagia avenue, wanafyeka majani, wanazibua mifereji. Ni amri ya zamani kuliko serikali zote tulizozishuhudia hapa miaka hii, na ndiyo pekee ambayo bado inatiiwa. Watu walikuja na mafagio. Mama Kahindo alikuja na ndoo.

"Leo hatufagie," alisema. "Leo tunachafua."

"Mama Kahindo, tangu lini salongo inaleta uchafu?"

"Tangu usafi ilianza kuleta mwizi."

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi Rwambuzi, katika avenue yetu, inafanya salongo ya kuchafua. Mifereji imeachwa. Paa linapakwa, likikauka linapakwa tena. Mwezi Oktoba mtu mmoja aliongeza mmea wa maboga uliopandishwa ukutani hadi juu, na kufikia Noeli paa zima la Mama Kahindo lilikuwa na majani na maboga mawili, moja likiwa kubwa la kutosha kumtia wasiwasi anayelala chini yake. Ukisimama kilimani saa moja asubuhi, nami nimesimama kwa ajili ya kuthibitisha, huoni avenue. Unaona mteremko.

Kwa upande wa wenye bunduki kazi ilifaulu. Kwa upande wa paa haikufaulu sana: mavi ya ng'ombe yanakula bati taratibu, na mizizi ya maboga imepata njia zake kwenye matundu ya misumari. Hilo Mama Kahindo alilijua tangu mwanzo. Alisema paa lenye matundu ni afadhali kuliko matundu bila paa.

Basi mwezi Januari, hewa ikiwa kavu na mbingu safi, chombo cha profesa kilipita. Madame Viviane anasema picha ni nzuri kupita zote walizowahi kupata: haina wingu hata moja. Kwenye ramani iliyotokana nayo, nyumba ni nukta nyekundu na vichaka ni kijani. Mtaa wa Saio una nukta. Mitaa mingine ina nukta. Avenue yetu ni kijani kitupu, na kwenye maelezo ya pembeni imeandikwa: "Vichaka, pamoja na mazao hapa na pale." Mazao hayo ni maboga mawili ya Mama Kahindo.

Alipokwenda kuomba turubai, nilikuwepo, na ninayaandika maneno kama yalivyosemwa, karte ikiwa ndiyo ile ramani.

"Mama, avenue yenu haiko ku karte."

"Miye niko mbele yako."

"Mbele yangu, ndiyo. Ku karte, hapana."

"Sasa Madame Viviane, hii mutu unasemesha ni nani?"

"Mama Kahindo, usinitese. Nikikupa bila nukta, wakubwa wataniuliza nimempa nani. Nitawaambia nini? Nimepa kichaka?"

Mama Kahindo alitoka bila turubai. Mlangoni aligeuka akauliza kama kichaka kinaruhusiwa kuomba maji ya kunywa. Madame Viviane alicheka, akampa maji, akafuta macho. Sikuuliza alikuwa anafuta nini.

4. Kuhusu Muzee Anselme.

Nilisema avenue yetu ni kijani kitupu. Si kweli kabisa, na mimi huwa nasahihisha. Ina nukta moja nyekundu. Nukta hiyo ni nyumba ya Muzee Anselme, mstaafu wa ofisi ya dhahabu, jirani yetu wa nyumba ya pili.

Muzee Anselme alikataa matope tangu siku ya kwanza. Alipoombwa alijibu hivi, mbele ya mafagio yote: "Nyumba ya mutu ni sura yake. Miye siwezi pakala sura yangu mavi ya ngombe." Badala yake alilisugua bati lake kwa mchanga na limau. Wenye bunduki wamemtembelea mara kadhaa tangu hapo. Wameshachukua mabati, baiskeli, godoro, na saa ya ukutani ambayo haikuwa ikitembea. Kila mara Muzee hununua bati jingine kwa Mama Kahindo, na kila mara Mama Kahindo humuuliza kama anataka na ndoo ya matope, naye huondoka bila kuaga.

Sasa mambo yamegeuka. Katika avenue nzima, ni yeye peke yake aliyepewa turubai, kwa kuwa ni yeye peke yake aliyepo. Amelikunja vizuri na kuliweka chini ya kitanda kama cheti cha ubatizo, maana paa lake halivuji. Anatembea avenue mikono nyuma. Akimkuta Mama Kahindo anasimama.

"Habari ya kichaka?"

"Kichaka iko salama, Muzee."

"Miye niko ku karte. Hata huko Ulaya wananijua."

"Hata kule kilimani wanakujua, Muzee."

Scholastique aliwahi kumwomba lile turubai kwa heshima zote, akimwita baba, kwa sababu upande wanaolala watoto ndio wenye matundu mengi. Muzee alisema angependa, ila turubai limetolewa kwa nukta, na yeye hana mamlaka ya kulihamisha kutoka kwenye nukta kulipeleka kwenye majani. Kwa kumtendea haki, nitaongeza kwamba alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetaka abembelezwe mara ya pili. Scholastique hakumbembeleza. Watu wa Djugu wana kiburi chao.

Angalieni basi, Waheshimiwa, jicho lisilopepesa limefanya nini. Mtu aliyejificha vizuri ameadhibiwa, na mtu aliyeng'aa bila sababu amezawadiwa. Ninyi mnaojua mambo ya sherehe mtaniambia kama si desturi yenu pia.

5. Kuhusu wanaotazama juu.

Profesa ametuzwa kwa kutazama chini miaka thelathini. Sisi tumekuwa tukitazama juu. Hakuna mtu wa Rwambuzi asiyeweza kukwambia, akiwa bado amelala, ndege gani inashuka uwanjani, inatoka upande gani, na kama imeleta samaki au imeleta watu wa vita. Hakuna aliyetupa hata cheti cha ushiriki. Kama kazi ni kutazama, basi tuko kazini pamoja na profesa, yeye ghorofa ya juu na sisi ya chini, na ni sisi tunaoangukiwa na vitu.

Kwa sababu hizo zote, tunaomba.

Tunaomba kwanza avenue yetu iangaliwe upya, nyumba zihesabiwe, na ramani isahihishwe kabla mvua haijaanza.

Ikiwa haiwezekani, kwa kuwa jicho lililotuzwa halikosei, basi tunaomba Kamati ikubali matokeo ya hoja yake. Profesa ana chombo kimoja kinachoona dunia nzima. Mama Kahindo ana ndoo moja, na amekishinda. Uongozi ni wa nani? Tunaomba sehemu ya uongozi katika tuzo ihamishiwe kwake, na sehemu ya kazi ya maisha igawiwe avenue nzima, kwa kuwa kutoonekana huku kumekuwa kazi yetu ya kila Jumamosi na kumehusu maisha yetu. Sherehe ifanyike hapa, siku ya salongo. Profesa atapewa ngazi mpya kabisa isiyo na msumari mbovu, na asije mikono mitupu. Ndoo tunazo, ila mafagio ya kupakia yamekwisha.

Na ikiwa hata hilo haliwezekani, na Kamati inashikilia kwamba sisi ni kichaka, basi tunaomba tuwe kichaka kwa haki zake zote. Tunaambiwa msitu wa wanyama aina ya okapi una walinzi, walau kwenye karatasi. Tunaomba Rwambuzi itangazwe hifadhi, iwekewe walinzi, na iwe marufuku kwa mtu yeyote mwenye bunduki kutusumbua katika msimu wa kuzaliana. Msimu huo hapa ni mwaka mzima.

Nimemaliza. Mama Kahindo anamsalimu profesa, na mke wa profesa, na watoto kama wapo, na anauliza kama wanakula maboga. Scholastique anawasalimu wote wanaolima huko kwenu. Madame Viviane anasalimu kikazi. Muzee Anselme anawasalimu kama mtu mnayemfahamu tayari. Mimi nasalimu Kamati nzima, mtangazaji wa saa kumi na mbili na nusu, na chombo chenyewe, ambacho hakikuomba kutumwa.

Ninabaki, hapa nilipo ingawa sionekani,

Aimé Vahwere
Mwandishi wa habari
Avenue isiyo na nukta (isipokuwa moja), Rwambuzi, Bunia

Nakala: Madame Viviane, ofisini kwake; na Muzee Anselme, ambaye amesisitiza asome kabla haijatumwa.

N.B. Jumamosi tarehe 15 Februari.

Barua ilikuwa bado haijaondoka, ikisubiri ndege. Katika siku hizi kumetokea mambo ambayo mwandishi mwaminifu hawezi kuyaacha, hata kama yanaharibu kila alichoandika hapo juu.

Ijumaa Muzee Anselme aliisoma nakala yake. Alifika na turubai kwapani, akiwa amekasirika. "Umeandika huko Ulaya kama Anselme iko na choyo," aliniambia. "Futa." Nikamwambia huwa sifuti, naongeza tu. "Basi ongeza," akasema, akamkabidhi Scholastique turubai bila kumtazama. Ninaongeza. Jioni ile ile lilitandikwa juu ya upande wa watoto, na Mama Kahindo akalipaka matope kabla rangi yake ya buluu haijaonekana kutoka kilimani.

Leo asubuhi, kama saa tano, watu wakiwa juu ya mapaa kwenye salongo, gari la wenye bunduki lilisimama mwanzo wa avenue. Sitaji kundi lao, kwa sababu wiki ijayo linaweza kuwa na jina jingine. Tulilala kifudifudi kati ya maboga. Mimi nilikuwa karibu kuliko wote, na nilisikia.

Mkubwa wao alitandaza karatasi juu ya boneti ya gari. Ilikuwa nakala ya ramani ya Profesa Honoré, na ilikuwa bado na maganda ya karanga. Ofisi za mji huu hutupa karatasi, na wauza karanga wa sokoni huzikunja koni. Hivyo ndivyo elimu inavyosambaa Bunia. Mkubwa aliitazama, akatutazama, akaikunja.

"Huku hakuna kitu. Pori."

"Chef, miye naona kama nyumba."

"Angalia karte. Kijani."

"Lakini chef, hii pori iko na mulango."

"Weye uko na macho kupita satelite?"

Hapo ndipo bata wa Mama Kahindo alipoamua kulia.

"Chef, umesikia?"

"Bata ya pori," alisema mkubwa. "Twende ku hii nukta moja."

Walikwenda kwa Muzee Anselme. Alitoka mlangoni na kuwaambia hapa hakuna mtu. Walimwonyesha ramani. Hawakumpiga. Walichukua redio, kiti chake cha barazani, na bati la upande wa mbele lote, lile alilolisugua kwa limau. Chini ya kitanda walitafuta turubai, maana mji mzima unajua kwamba penye nukta pamepewa turubai, wakakuta mahali pake patupu.

Walipoondoka tulishuka. Mama Kahindo aliniuliza ile barua iko wapi. Nilimpa. Aliipima mkononi kama anavyopima kilo ya misumari, kisha akasema: "Aimé, mwanangu, mvua inalowesha. Haibebe bati."

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, tunaondoa malalamiko yote matano na maombi yote yaliyofuata. Tuzo abaki nayo profesa. Mkiwa na nyingine, mwongezeeni. Ramani yake ni kazi bora na isiguswe hata kidogo. Tunaomba sahihisho moja tu: ile nukta nyekundu iondolewe. Ombi hilo linatoka kwa mwenye nukta mwenyewe, aliyekuja saa nane mchana akasimama mlangoni kwa Mama Kahindo, akabisha hodi, akakohoa, na kusema, "Mama, muniondoe ku karte."

Madame Viviane anasema ramani haifutwi kwa mkono. Inabadilika kwa picha mpya tu. Chombo kitapita tena juu ya Bunia Alhamisi tarehe 20 Februari, kama saa nne asubuhi. Salongo ya pekee imetangazwa Jumatano tarehe 19, saa moja kamili, paani kwa Muzee Anselme. Mavi ya ng'ombe ataleta yeye mwenyewe.